Je, Hudner alikosea kumfuata Jesse Brown?

Tarehe 4 Desemba 1950, wakati wa Vita vya Korea, karibu na bwawa la Chosin huko Korea Kaskazini, Luteni Thomas Hudner wa Jeshi la Wanamaji la Marekani aliitua ndege yake nzima kwa tumbo, kwa makusudi, kwenye mlima wenye theluji nyuma ya mistari ya adui. Alikuwa anamfuata Jesse Brown, rubani mwenzake kutoka USS Leyte, manowari ya kubebea ndege, ambaye ndege yake ya kivita aina ya Corsair ilipigwa risasi kutoka ardhini ikaanguka. Mwishowe Brown alifia mlimani hapo, na ndiyo maana wapo wanaosema ule ulikuwa ushujaa wa bure.

Hoja yao ina uzito. Ndege ya pili ilipotea, rubani wa pili akaumia mgongo. Siku hizo maelfu ya wanajeshi wa Marine walikuwa wamezingirwa na Wachina, wakitegemea ndege hizohizo ili wapate njia ya kutokea. Kila rubani akishuka kumfuata mwenzake, angani atabaki nani? Helikopta nayo ilikuwa imeshaitwa. Kamanda anayepiga marufuku jambo kama hilo hawezi kulaumiwa.

Ila wanaolaumu wanaanza na kifo cha Brown, kisha wanarudi nyuma kumhukumu Hudner kwa jambo ambalo hakulijua. Kutoka juu alimwona Brown amefungua kioo, anapunga mkono, lakini hatoki. Moshi ulikuwa unafuka kwenye injini. Kama si moto ungemmaliza, basi ni baridi.

Alipomfikia alikuta mguu umebanwa na chuma kilichojikunja. Brown alikuwa amevua glavu na vidole vimeganda. Hudner akamvika kofia ya sufu, akamzungushia skafu mikononi, kisha akaanza kurundika theluji juu ya injini. Halafu akarudi kwenye redio ya ndege yake kuomba helikopta ije na shoka na mtungi wa kuzimia moto. Hilo la redio halitajwi sana, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Marubani waliokuwa wanazunguka juu wasingeweza kujua kwamba mguu umenasa, wala kwamba shoka linahitajika. Nafasi ya Brown kuokoka, hata kama ilikuwa ndogo, ilihitaji mtu aliye chini.

Helikopta ilifika, lakini shoka lilishindwa. Brown mwenyewe aliomba akatwe mguu. Giza likaingia, na Charles Ward, rubani wa helikopta, asingeweza kuruka usiku katika milima ile. Kabla hajapoteza fahamu, Brown alimwomba Hudner amwambie mkewe, Daisy, kwamba anampenda. Ujumbe huo ulifika. Katika hesabu ya ndege zilizopotea hauonekani popote, lakini Daisy aliishi nao.

Simulizi nyingi humfanya Hudner kuwa Mzungu aliyemhurumia Mweusi. Hapo Brown anapunguzwa bila sababu. Kijana huyu wa Hattiesburg, Mississippi, alipata mbawa zake, yaani beji ya urubani, mwaka 1948, Mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya urubani ya Jeshi la Wanamaji. Hudner alimzidi cheo, lakini angani Brown ndiye aliyekuwa na uzoefu zaidi na ndiye aliyetangulia. Hudner aliruka kama msaidizi wake, na kazi ya msaidizi ni kumlinda anayemfuata. Kwa hiyo alishuka kwa ajili ya kiongozi wake.

Wengine humtuhumu kwamba alitafuta sifa. Sifa alizipata Aprili 1951, Rais Truman alipomvisha Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani, mbele ya Daisy. Mwaka 2013, akiwa na miaka 88, alisafiri hadi Pyongyang kuomba mabaki ya Brown yatafutwe, na mvua kubwa zikazuia msako. Safari hiyo haikuwa na nishani ya kumwongezea.