Sekunde Tisa za Bibi Harusi

Udijei niliuanza na sidii mbili na daftari la kuandikia kasi ya kila wimbo. Siku hizi kompyuta inahesabu mapigo yenyewe, na tangu 2020 programu ya Virtual DJ inamtenga mwimbaji na ngoma papo hapo, wimbo ukiwa unapigwa. Hapo ndipo tamaa iliponishika. Kijana mmoja wa Makoroboi, hapa Mwanza, akaniuzia programu ya namna hiyo kwenye flashi, ya wizi, elfu tano. Sharti lake: zima kwanza antivairasi. Nikazima. Yaani nimefunga mbwa ili mwizi asibughudhiwe.

Niliipachika palepale ukumbini Nyakato, kwenye harusi, saa kumi na moja jioni, diski yangu ya akiba ikiwa imechomekwa. Saa moja MC akapaaza: "Mwali wetu huyooo!" Nikabonyeza. Kimya.

Kila wimbo umeota mkia wa herufi nne baada ya .mp3, na kila folda ina barua: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni 490. Nusu bei! Hata dagaa wa Kirumba hawashuki hivyo. Diski ya akiba nayo imeliwa.

Bahati yangu, virusi vya ukoo huu wa kuteka mafaili, STOP/Djvu, vina pupa: hufunga kwa msimbo kilobaiti 150 tu za mwanzo wa kila faili. MP3 ni vipande vidogo vidogo vinavyojitegemea, kwa hiyo ukifuta ule mkia, kilichobaki kinaimba. Wimbo wa kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) unapoteza sekunde tisa na ushee, wa 320 kama nne. Wenye picha kubwa ya jalada hata haujeruhiwi, picha ndiyo inayoliwa.

Nikanakili nyimbo peke yake kwenye laptopu ya MC. Mwali, aliyefanya mazoezi wiki mbili aanze na ngoma ya kwanza, akakuta kiitikio kimeshafika. Aliingia mbio, wapambe nyuma kama wanawahi kivuko cha Kamanga.

Usiku nikaweka Windows upya, nikabadili nywila kupitia simu (virusi hivi huja na wezi wa nywila), nikapakua Mixxx, programu ya udijei ya bure na halali.

Mweka hazina wa kamati, mhasibu mstaafu, alikuwa akihesabu. "Nyimbo 60, sekunde tisa tisa, dakika tisa. Laki tatu kwa saa sita... mwanangu, nakukata elfu saba na mia tano."

Akaniandikia na risiti.