Moyo Uliokataa Adrenalini

Chura hakuwa na kosa. Nianze hapo, maana asubuhi nzima tulimlaumu yeye.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza maji ya Ringer, yale ya chumvi yanayouweka hai moyo uliotolewa mwilini, lita tano, kwa vyumba viwili vya mazoezi ya maabara. Hesabu ya lita moja: chumvi ya kawaida gramu 6.5, kloraidi ya potasiamu 0.14, kloraidi ya kalsiamu 0.12, bikabonati ya sodiamu 0.2, na maji yaliyokenekwa, ndugu wa yale mafundi magari wanayaita maji ya betri. Unayeyusha vingine vyote, unajaza maji karibu na alama, kisha kalsiamu inaingia mwisho, kidogo kidogo, huku unakoroga. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamwaga vyote kwenye bika moja lenye nusu lita ya maji, nikalibandika jikoni viyeyuke upesi.

Likawa tui la nazi.

Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikaona uchafu, nikauchuja kwa karatasi mpaka maji yakang'aa kama machozi, nikaongeza maji hadi lita tano, nikapeleka tatu chumba cha jirani. Karatasi nikaitupa. Nilijisifu, tena kwa sauti.

Tukafunga moyo wa chura kwenye mrija wa Syme, unaoupitishia maji hayo ndani, kulabu kwenye ncha ya ventrikali, chumba kinachosukuma damu, uzi hadi kwenye wenzo, na wenzo ukaanza kuchora mapigo juu ya ngoma inayozunguka, iliyopakwa masizi. Dakika mbili tatu, milima. Halafu vilima. Halafu vichuguu.

"Kaka, moyo unakufa."

"Chura mgonjwa huyo. Lete mwingine."

Wa pili vilevile. Nikatoa silaha kubwa: ampuli ya adrenalini, miligramu 1 kwa mililita 1, nikaizimua mara kumi, nikadondosha matone mawili. Moyo ukashtuka, ukaenda mbio, lakini vichuguu vikabaki vichuguu. Dereva anapiga resi, gari liko nyutro. Mwanafunzi mmoja akauliza kama miraa ingefaa zaidi. Nikamweleza kwa madaha kwamba katinoni ya miraa huchochea ncha za neva zimwage kemikali za ukoo huohuo wa adrenalini. Kwamba adrenalini haikunji misuli kwa mkono wake, bali huongeza kufunguka kwa malango ya kalsiamu kwenye utando wa seli. Na kwamba moyo wa chura una ghala dogo sana la kalsiamu ndani, kwa hiyo kila pigo unategemea kalsiamu ya nje. Nje ikikosekana, lango liko wazi na barabara ni tupu.

Nilieleza vizuri mno. Ila sikujisikia mwenyewe.

Mzee wa maabara akaingia, akatazama ngoma, akainamia pipa la taka, akainua karatasi yangu kwa vidole viwili. "Kijana, chaki hii imetoka wapi?"

Kalsiamu na bikabonati zikibanana kwenye maji machache, tena ya moto, huzaa chaki. Chaki ndiyo niliyochuja.

"Ringer, yule daktari wa London mwenye maji haya," akasema mzee, "mioyo yake ilidunda vizuri kwenye maji ya chumvi, kumbe yalikuwa ya bomba, yana kalsiamu yake. Alipotumia yaliyokenekwa, ikachoka. Akaandika ukweli huo mwaka 1883. Yeye aliongezewa kalsiamu bila kujua. Wewe umeikamata, ukaitupa."

Aibu ikanipa haraka nyingine. Nikavuta kalsiamu ya akiba, ile kali ya mola 1, ambayo lita nzima inahitaji mililita 1.1 tu, nikadondosha matone matano moja kwa moja juu ya moyo. Huo ni mgao wa karibu robo lita, kwa kiungo cha ukubwa wa harage. Moyo ukakunja ngumi, ukakataa kuikunjua. Wenzo ukachora mstari mmoja mnyoofu kama reli. Kwa kukosa kalsiamu moyo hufa umelegea. Kwa kuzidishiwa, hufa umekaza. Nilikuwa nimefaulu mitihani yote miwili kabla ya chai ya saa nne.

Mzee akanionyesha kiti, akatengeneza maji mapya mwenyewe, kalsiamu mwisho. Moyo wa chura wa tatu ukachora milima, na tone moja la adrenalini likaifanya Kilimanjaro. Wanafunzi wakapiga makofi.

Ndipo mlango wa chumba cha jirani ukafunguliwa.

"Samahani, Kaka. Hii mioyo yetu sita yote imelala. Tukuombe vyura wengine?"