Nani apitishe programu ya chuo kikuu: Seneti au TCU?

Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu huiita Law School, yalizua kelele nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakala disko, yaani wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Wapo walioishambulia Law School yenyewe kwamba inafelisha watu kwa makusudi, na wapo waliovinyooshea kidole vyuo vikuu kwamba vinatoa wanasheria wasioweza kuandika hati ya madai.

Katika kelele zile, swali moja la kiutawala lilipita pembeni. Huingii Law School bila shahada ya kwanza ya sheria, na shahada inayotolewa hapa nchini hutoka kwenye programu iliyopitishwa na seneti ya chuo, kisha ikapata ithibati, yaani kibali cha ubora, ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kama programu ilikuwa nzuri, mihuri yote miwili ilistahili na tatizo liko Law School. Kama ilikuwa mbovu, ni nani kati ya wale wawili aliyepaswa kusimama na kujibu? Hapo ndipo kila upande unapomtazama mwenzake.

Kwa asiyeijua safari ya mtaala, iko hivi. Idara huandika rasimu baada ya kufanya utafiti wa mahitaji ya soko na kukutana na wadau: waajiri, wahitimu, bodi za taaluma. Rasimu hupanda kwenye bodi ya ndaki au skuli, yaani kitengo kinachounganisha idara kadhaa, halafu kwenye kamati ya seneti inayoshughulikia taaluma, halafu Seneti yenyewe, ambayo kwa utaratibu wa vyuo vyetu ndiyo chombo kikuu cha mambo ya kitaaluma. Baraza la Chuo hushika fedha, mali na sera. Halina kazi ya kubishana kama somo la takwimu lifundishwe mwaka wa kwanza au wa pili. Zamani safari iliishia kwenye Seneti. Leo, baada ya Seneti, andiko linakwenda TCU, nako linapimwa upya: idadi ya wahadhiri na viwango vyao vya elimu, maabara, vitabu, sifa za kujiunga, na hesabu ya krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka mmoja ni krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka mitatu haitakiwi kupungua krediti 360. Mhadhiri aliyewahi kuandika mtaala anajua mausiku mangapi huishia kwenye kujumlisha krediti hizo, na machache kiasi gani kwenye kujiuliza mwanafunzi atajua nini akimaliza.

TCU haikuanzishwa kwa ajili ya kuwasumbua maprofesa. Miaka ya 1990 Tanzania ilifungua mlango kwa vyuo vikuu binafsi, na mwaka 1995 likaundwa Baraza la Ithibati ya Elimu ya Juu kuviangalia. Mwaka 2005 sheria mpya ya vyuo vikuu ikalibadilisha kuwa TCU na kuipa mamlaka juu ya vyuo vyote, vya umma na vya binafsi. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijitawala kitaaluma kwa kiasi ambacho vijana wa leo hawawezi kukidhania. Ingawa nacho hakikuanza hivyo: mwaka 1961, kitivo cha sheria kilipofungua milango kikiwa kitivo cha kwanza, chuo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada ilikuwa ya London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ndipo kikasimama peke yake. Kwa maneno mengine, kipindi ambacho seneti ya Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, ilikuwa na neno la mwisho juu ya mtaala wake ni cha takriban miaka 35 tu. Wanaozungumzia uhuru huo kama jambo la asili wanasahau jinsi ulivyokuwa mfupi.

Na hata ndani ya miaka hiyo, neno la mwisho halikuwa la seneti kila mara. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 palikuwa na mjadala mkali Mlimani juu ya nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa, na matunda yake mojawapo ni somo la Maendeleo, DS (Development Studies), ambalo vizazi na vizazi vya wahitimu wamelisoma kwa lazima, wawe wahandisi au wanasheria. Taasisi yake ilianzishwa 1973. Azimio la Musoma la 1974 likaenda mbali zaidi: chama tawala, TANU, kikaamua kwamba mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sifa za kujiunga, jambo ambalo leo tungesema ni la seneti tupu, ziliamuliwa kwenye kikao cha siasa. Nalitaja hili kwa sababu hoja ya kwamba mkono wa nje siku zote huharibu taaluma haisimami vizuri hapa kwetu. DS ilitokana na msukumo wa siasa, lakini imeishi kuliko siasa iliyoizaa, na imewapa kazi wasomi wa maana.

Sasa upande wa TCU. Hoja yake kubwa ni rahisi, nami sijaona aliyeijibu vizuri: seneti inayopitisha programu ni ya chuo kilekile kinachohitaji ada ya wanafunzi wa programu hiyo. Mkuu wa idara anayeleta shahada mpya anatafuta nafasi za ajira kwa idara yake. Rasi, yaani mkuu wa ndaki, anatafuta mapato. Makamu Mkuu wa Chuo anatafuta namba za udahili. Ukumbini wote wanafahamiana, na kila mmoja ana andiko lake litakalokuja kikao kijacho. Ukilikwamisha la mwenzako leo, kesho lako litasubiri. Hakuna haja ya rushwa wala hila. Adabu ya kazi peke yake inatosha kupitisha programu dhaifu.

Matokeo yake tuliyaona. Februari 2016 TCU ilifunga vyuo viwili vya St. Joseph vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Julai 2017 ikatangaza kwamba vyuo 19 havitadahili wanafunzi wapya mwaka wa masomo 2017/18, na kwamba vyuo vingine 22 havitaruhusiwa kudahili katika programu 75. Vyuo hivyo vilikuwa na mabaraza, vilikuwa na vyombo vya kitaaluma, vilikuwa na mihuri. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada hana namna ya kujua kama maabara iliyoandikwa kwenye mtaala ipo kweli. Lazima awepo mtu wa kwenda kuiangalia kwa niaba yake.

Lakini takwimu hizohizo zinaweza kusomwa kinyume. Programu nyingi kati ya zile 75 hazikuanza gizani. Zilikuwa zinadahili kwa uwazi, miaka na miaka, chini ya macho ya mdhibiti huyohuyo. Kama ithibati ya mwanzoni ilikuwa kinga, ilikingaje? Upande wa seneti unasema hapa, na kwa haki, kwamba kinachopimwa kabla programu haijaanza ni karatasi. Karatasi inataja wahadhiri watakaoajiriwa na vifaa vitakavyonunuliwa. Ukweli unaonekana mwaka wa tatu, wakati wahadhiri wawili wamehamia kwingine na mmoja yuko masomoni.

Wana hoja ya pili ambayo nadhani ina uzito zaidi. TCU haina, wala haiwezi kuwa na, mtaalamu wa kila fani. Andiko la programu ya jiolojia hupelekwa kwa mwanajiolojia wa chuo kingine, la isimu kwa mwanaisimu. Yaani wanaohukumu ni wahadhiri walewale wanaokaa kwenye seneti za vyuo vingine. Katika fani zenye wataalamu wachache nchini, anayetathmini anaweza kuwa ndiye mshindani, au mwalimu wa zamani wa mwombaji. Kwa hiyo tunaposema mdhibiti dhidi ya wasomi tunatia chumvi. Ni wasomi kwa wasomi. Tofauti ni kwamba mara ya pili hukutani nao uso kwa uso, na unayajibu maoni yao kwa jedwali.

Halafu kuna kufanana. Kila anayetaka kupita haraka huangalia mtaala uliopita jana na kuufuata. Ndiyo maana ukisoma maelezo ya shahada za biashara za vyuo vitano hutajua kipi ni kipi. Seneti yenye nguvu ingeweza kusema: sisi tuko Mwanza, ziwa liko hapa, shahada yetu itakuwa na sura nyingine. Fomu ya TCU haikatazi hilo, ila haimpi mtu sababu ya kuhangaika.

Majirani zetu wamepitia mgogoro huu kwa njia zao. Kenya walikuwa na tatizo la vichwa vingi: tume ya elimu ya vyuo vikuu upande mmoja, bodi za wahandisi, wanasheria na wengine upande wa pili, kila moja ikidai kuidhinisha programu. Wahitimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton waliokataliwa usajili, zaidi ya 100 kwa idadi, walifuata haki yao hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 2018. Marekebisho ya sheria ya 2016 yalikuwa yameshatamka kwamba tume ndiyo yenye mamlaka, lakini mvutano haukuisha kwa hilo. Uganda nao, mwaka 2023, walitikisika pale ilipojulikana kwamba programu nyingi, zikiwemo za Makerere, zilionekana kwenye orodha ya mdhibiti kuwa zimepitwa na muda wa ithibati. Mdhibiti akalazimika kueleza kwamba shahada za wahitimu bado ni halali na kwamba programu zilikuwa zinasubiri kutathminiwa upya. Kwa mhitimu anayeomba nafasi ya masomo nje, maelezo hayo hayasaidii sana kama tovuti inasema vingine.

Kuna jambo la hapa nyumbani ambalo ni kipimo kizuri kuliko hayo yote. Aprili 2017, akizindua mabweni Mlimani, Rais Magufuli aliitaka TCU iache kuwapangia wanafunzi vyuo. Mfumo wa udahili wa pamoja ulikuwa umefanya kazi tangu 2010. Vyuo vikarudishiwa kazi ya kupokea maombi, na TCU ikabaki kuhakiki sifa. Anga haikuanguka. Kama chuo kinaaminika kuchagua wanafunzi wake na kisha kukaguliwa, kwa nini kisiaminike kupitisha mtaala wake na kisha kukaguliwa?

Jibu la haraka ni kwamba kosa la udahili humgusa mwanafunzi mmoja, la mtaala hugusa darasa zima. Ni jibu zuri, na ndilo linalonizuia kuunga mkono moja kwa moja wanaotaka ithibati ya awali iondolewe. Ukaguzi wa baadaye humkuta mwanafunzi akiwa ndani tayari. Wale wa Songea hawakuwa na kosa lolote, na kuhamishwa chuo katikati ya masomo si adhabu ndogo. Kwa udaktari, uuguzi na uhandisi mimi nisingegusa kitu: ukaguzi uwe kabla, na uwe wa kwenda kuona, siyo wa kusoma.

Kwingine kote naona mzigo umekaa vibaya. Seneti zetu zimejificha nyuma ya TCU. Kikao kinajua kwamba andiko litapimwa tena mbele ya safari, basi hakiulizi maswali magumu. TCU nayo inapokea andiko lililopitishwa na seneti, inadhani maswali magumu yameshaulizwa. Na sasa presha imeongezeka. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umevisukuma vyuo vya umma kuhuisha mitaala mingi kwa mpigo, kwa ratiba ya mradi. Nia ni njema, na kuwaingiza waajiri kwenye mazungumzo kulichelewa mno. Lakini seneti inayoletewa rundo la mitaala kwenye ajenda ya siku moja itasoma kurasa ngapi?

Ningependa kuona mambo mawili. Maoni ya watathmini na majibu ya chuo yachapishwe pamoja na programu, ili mwombaji na mwajiri waone nini kilihojiwa. Leo yanaishia kwenye mafaili. Pili, vyuo vipewe mamlaka ya kujipitishia programu zisizo za taaluma nyeti kwa kuangalia rekodi, chuo kimoja kimoja, na mamlaka hayo yaweze kunyang'anywa. Umri wa chuo usiwe kigezo, kwa sababu vikongwe navyo vina shahada zinazoendeshwa na mhadhiri mmoja na nusu. Rekodi ninayoitafuta ni nyingine kabisa: kama seneti imewahi, yenyewe, bila barua ya TCU, kusimamisha udahili wa programu yake kwa sababu walimu hawatoshi. Chuo kitakachonionyesha muhtasari wa kikao kama hicho ningekiweka cha kwanza kwenye foleni.