Mama wa Umalila na simu ya kitochi

Wiki iliyopita nilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye duka la simu, nasubiri kubadilishiwa kioo. Akaingia mama mmoja kutoka Umalila na binti yake wa kidato cha tatu, sare bado mwilini. Mama akafungua pindo la kitenge, akaomba kitochi, ile simu ndogo ya vibonye, chenye taa kali. Muuzaji akacheka. "Mama yangu, dunia ya leo unamnunulia mtoto kitochi? Wenzake wanasomea kwenye simu janja, huyu atabaki nyuma." Wateja wawili watatu wakamuunga mkono, na mmoja akasema wazi kwamba wazazi wa vijijini ndio wanaowazibia watoto njia. Binti akainamisha kichwa. Mama hakujibu kitu, alibaki ameshika noti zake.

Kile kicheko kimenikaa. Yule mama hakueleweka, na ndiyo sababu naandika. Lakini waliomcheka nao wana hoja, tena nzito, kwa hiyo nianze na zao.

Ni kweli simu janja inasomesha. Mwanafunzi wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia anaweza kumsikiliza mwalimu mwingine kwenye video, akairudia mara tano bila kumchosha mtu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao. Matokeo ya NECTA, machaguo ya tahasusi, fomu za kujiunga, vyote viko huko. Na hatujasahau mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia katikati ya Machi na nyingi zikakaa hivyo hadi mwisho wa Juni. Wenye simu walitumiwa kazi na walimu wao kwa WhatsApp, wasio nazo wakabaki na redio, pale inaposhika. Mzazi aliyeliona pengo lile akaapa kwamba mwanawe hatapitwa tena, mimi siwezi kumlaumu.

Tatizo ni kwamba hoja hizi zote zinathibitisha kuwa mtoto anahitaji kuipata simu janja kwa saa fulani, kwa kazi fulani. Kutoka hapo hadi kuwa na yake mwenyewe, inayolala naye chini ya mto, ni safari nyingine. Fomu ya kujiunga hupakuliwa mara moja, na stationari yoyote ya Mbalizi inaitoa kwa pesa kidogo. Video ya fizikia inaweza kutazamwa Jumamosi kwenye simu ya baba mdogo.

Muuzaji hakumuuliza yule mama binti anaishi wapi. Mimi nilimuuliza. Nyumbani ni mbali na shule, kwa hiyo amempangia chumba karibu, kama wanavyofanya wazazi wengi wa huku ambao watoto wao wanasoma kutwa. Binti akitoka shule anachota maji, anapika ugali wake, anakaa na daftari saa mbili usiku kwenye taa ya sola. Peke yake. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi akishakatizwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye alichokuwa anajifunza. Kipindi chetu cha sekondari ni dakika 40. Kwa hiyo ujumbe mmoja unakula nusu ya kipindi, na jioni ya mtoto huyu ina vipindi vingapi kabla usingizi haujamshika? Watoto wa mjini angalau wana mama anayepita sebuleni saa tatu na kusema leta hiyo simu. Kwenye chumba cha kupanga hakuna anayepita.

Kuna jambo jingine ambalo halikutajwa kabisa pale dukani, na mimi ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

Kitambulisho cha NIDA hupewa aliyefikisha miaka 18. Laini ya mtoto, basi, husajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole za mzazi. Wengi wetu wala hatuendi kusajili, tunampa tu laini yetu ya pili. Dada yangu aliyeko Makambako alifanya hivyo. Alimnunulia mwanawe wa miaka 16 simu janja nzuri, akamwekea laini yake. Yule kijana si mhuni, namfahamu tangu anatambaa. Siku moja alitia hela ya mchango wa chakula cha shule kwenye mkeka wa kubashiri mpira, ikaliwa. Akataka kuirudisha kabla mama yake hajajua. Akapakua programu ya mikopo, akaandika namba ya NIDA ya mama yake, ikamuuliza kama anaikubalia isome majina yaliyomo kwenye simu, akabonyeza ndiyo. Dakika chache baadaye shilingi 30,000 zikaingia.

Baada ya wiki deni likawa limevimba, na ujumbe wa kudai ukaanza kutembea kwa wenye majina yale. Ulikwenda kwa mchungaji. Ulikwenda kwa mnunuzi wa viazi wa Dar es Salaam ambaye dada humpelekea mzigo kwa kuaminiana tu. Ulikwenda kwa mwenyekiti wa vikoba, naye ndiye aliyempigia dada kumuuliza kwa upole kama ana shida, kwa nini hakusema kwenye kikundi. Dada hakujua anazungumziwa nini. Kisheria, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mwanawe ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Programu ile ilimhesabu kuwa mwanamke wa miaka 43, mfanyabiashara wa viazi.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Ni hatua njema. Lakini deni la dada yangu lilikwisha lipwa, na yule mnunuzi wa viazi siku hizi anataka mzigo ufike kwanza ndipo atume hata ya usafiri. Hilo hakuna tangazo linaloweza kulirudisha.

Kitochi nacho kina menyu ya fedha, hilo nalijua. Mtoto mwenye namba ya siri ya mama yake anaweza kuharibu mengi kwa *150*00# tu. Ila kitochi hakina pa kupakulia programu inayobeba majina ya ndugu na wateja wote kwa mara moja na kuyakabidhi kwa mtu usiyemjua.

Niliposimulia haya kwa rafiki yangu mwalimu alinirudishia hoja ambayo naona ndiyo nzito kuliko zote za upande ule. Alisema: usipompa binti simu wewe, atampa mwenye bodaboda. Amefundisha miaka mingi na amewaona. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, na bado simu za zawadi zinaendelea kuingia kwenye vyumba vya kupanga. Sina la kubisha hapo. Ila hoja hiyo inamtetea yule mama. Hakumnyima binti simu, alikuwa dukani anamnunulia. Na tukisema mzazi ashindane na mwenye bodaboda kwa ukubwa wa kioo, mzazi atashindwa, maana yule mwingine siku zote anaweza kuleta kikubwa zaidi. Binti anayejulikana ana kitochi, siku begi lake likionekana na simu ya laki tatu, mwenye nyumba atauliza, mwalimu wa malezi atauliza. Mwenye simu janja tayari, nani atagundua kwamba leo ni nyingine?

Mimi si wa kusema simu janja isimguse kijana kabisa. Akimaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba na kurudi nyumbani kusubiri matokeo, mpe. Hapo yuko mbele ya macho yako, ana muda, na ana mengi ya kutafuta.

Pale Mwanjelwa, kicheko kilipopoa, mama alipiga hesabu kwa sauti ya chini. Simu janja aliyoonyeshwa ni sawa na magunia manne ya viazi. Kitochi hakikufika hata nusu gunia. Akalipa, akamwambia binti aandike namba palepale kaunta: ya mama, ya baba mdogo wa Mbalizi, ya mwenye nyumba, ya mwalimu wa malezi. Binti aliandika bila kuinua macho. Alipomaliza akamuuliza muuzaji kwa sauti ndogo kama kitochi kile kinakubali memori kadi ya nyimbo za kwaya. Muuzaji akasema kinakubali, shilingi elfu tano na nyimbo humo humo. Mama akafungua tena pindo la kitenge.