Kodi ya usajili wa kempa Ireland: bei ya gari ni ipi?

Mkazi wa Ireland anayenunua Ujerumani au Uingereza kempa iliyotumika, yaani gari lenye kitanda, jiko na meza ndani, hukuta nyumbani deni ambalo halikuandikwa kwenye ankara ya muuzaji, nalo ni kodi ya usajili wa magari. Kodi hii ilianza tarehe 1 Januari 1993, siku ambayo soko la pamoja la Ulaya liliondoa vizuizi vya mipakani, ikachukua nafasi ya ushuru wa bidhaa uliokuwa ukitozwa magari. Ndiyo maana wako wanaodai hadi leo kwamba mpaka uliondolewa barazani ukarudishwa kwa mlango wa uani.

Dai hilo lina uzito, lakini si haki kulitaja bila kueleza kwamba kempa imependelewa. Gari dogo la abiria hutozwa kati ya asilimia 7 na asilimia 41 ya bei yake kulingana na kaboni linayotoa, na juu yake huongezwa tozo ya gesi za nitrojeni. Kempa, hata ikiwa na injini kubwa ya dizeli, hutozwa asilimia 13.3 tu, na kodi yake ya barabara ni euro 102 kwa mwaka. Nafuu hiyo inaeleza pia ukali wa masharti. Kanuni za Ulaya zinataka gari la namna hii liwe na viti na meza, mahali pa kulala, vyombo vya kupikia na makabati, na vifaa hivyo viwe vimefungwa imara ndani ya gari, isipokuwa meza, ambayo inaweza kuwa ya kutolewa. Bila masharti hayo, mwenye gari la kifahari angetandika godoro nyuma, akaweka jiko la gesi la kubeba mkononi, kisha akadai asilimia 13.3. Katika hili naona serikali ina hoja isiyopingika.

Ugumu unaanzia kwenye bei. Asilimia 13.3 haitozwi kwenye fedha aliyolipa mnunuzi, bali kwenye bei ambayo mamlaka ya mapato inakadiria kwamba gari hilo lingeuzwa nchini Ireland likiwa na kodi zote ndani yake. Msomaji aliyewahi kutoa gari bandarini Mombasa au Dar es Salaam hatashangaa, kwa kuwa huko nako ankara ya muuzaji wa Japani haiwi neno la mwisho. Sababu zinafanana: ankara ni rahisi kughushiwa, na mnunuzi mwaminifu asingepaswa kulipa zaidi ya jirani yake aliyeandikiwa nusu ya bei. Tena sheria ya Ulaya yenyewe inauegemea ukadirio huu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeshikilia kwamba nchi mwanachama inaweza kutoza kodi ya usajili, ila gari lililotumika kutoka nchi nyingine mwanachama lisitozwe zaidi ya mabaki ya kodi yaliyomo katika bei ya gari la namna hiyohiyo lililokwisha kusajiliwa nchini.

Lakini gari la namna hiyohiyo ni lipi? Kwa Toyota Corolla jibu ni jepesi, kwani zinauzwa kila wiki. Kempa iliyojengwa na fundi mmoja ndani ya Mercedes Sprinter ya mizigo, kwa mbao alizozichonga mwenyewe, haina ya kulinganishwa nayo. Mkadiriaji anayeipandisha hadi bei ya kempa ya kiwandani anatoza kodi jasho la mwenye gari, na wakati huohuo anaondoka kwenye msingi ule ule ambao mahakama iliuweka.

Kwa anayenunua Uingereza mzigo umeongezeka tangu tarehe 1 Januari 2021, nchi hiyo ilipokwisha kutoka kwenye soko la pamoja la Ulaya. Tuchukue kempa iliyojengwa juu ya Fiat Ducato ya Italia, ikanunuliwa Manchester kwa thamani ya euro 25,000 pamoja na usafiri. Kwa kuwa asili yake si Uingereza, haipati msamaha wa ushuru ulio katika mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Ulaya, hivyo ushuru wa forodha wa asilimia 10 ni euro 2,500, na VAT ya asilimia 23 juu ya jumla hiyo ni euro 6,325. Bei yake Ireland ikikadiriwa kuwa euro 38,000, kodi ya usajili ni euro 5,054. Mnunuzi amefikisha euro 38,879, yaani amepita bei ya soko la nyumbani kabla ya kulala ndani yake hata usiku mmoja. Anayehamia Ireland na makazi yake anaweza kusamehewa kodi ya usajili ikiwa alilimiliki na kulitumia gari huko alikotoka kwa angalau miezi 6, lakini asiliuze kwa miezi 12 baada ya kulisajili.

Siitetei hoja ya kuifuta kodi hii. Ninachokipinga ni utaratibu wa kulipa kwanza na kukata rufaa baadaye, kwa mamlaka iliyokadiria na kisha kwa Tume ya Rufaa za Kodi, huku miadi ya ukaguzi ikitakiwa kuwekwa ndani ya siku 7 na usajili kukamilika ndani ya siku 30 tangu gari liingie nchini. Kwa gari lisilo na mfano, mwenye gari angepaswa kuonyeshwa, kabla hajalipa, magari yaliyolinganishwa na lake na bei zake, ili akibisha awe anabishana na jambo linaloonekana.