Mvuke Unapaa, Mashine Imelala

Wiki jana nilikuwa kiti cha nyuma katika ukumbi wa hoteli moja Naivasha, mzungumzaji akitupigia hesabu kwamba karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutokana na kawi safi. Papo hapo stima ikapotea. Jenereta likanguruma nyuma ya jikoni, moshi wa dizeli ukatuingilia dirishani, na bwana yule akaendelea na slaidi zake bila hata kutabasamu. Nilicheka peke yangu.

Sibishani na hesabu. Olkaria, mitambo ya mvuke wa ardhini karibu na Naivasha, inazalisha stima tangu 1981. Kando ya Ziwa Turkana, kule Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310 (ilikaa zaidi ya mwaka ikingoja nyaya za kusafirisha stima hadi 2018, na usingizi huo tukaulipia). Haya, hongera.

Lakini fundi anayenichomelea mageti mtaani hapimi stima kwa asilimia. Anapima kwa tokeni. Ikizimika jioni, geti liko nusu na mteja amesimama mlangoni, ataambiwa nini? Tunamwita fundi wa jua kali, na hilo jua lenyewe hawezi kulimudu: paneli, betri na inverta ya kubeba mashine yake ni pesa za kununua gari kuukuu.

Kinachonichoma zaidi ni mvuke. Usiku nchi ikilala, mahitaji ya stima hushuka, na mvuke wa Olkaria huachiliwa upae bure. Jioni tunazimiwa, usiku wa manane tunamwaga! Bei nafuu ya usiku ilipoanza 2017 ilikuwa ya wenye viwanda vikubwa. Na fundi wangu hata angepewa, akichomelea saa nane usiku majirani watamchomelea yeye.

Tena nani alisema mvuke lazima ugeuzwe stima kwanza? Eburru, si mbali na hoteli ile, kuna kikaushio cha joto la ardhini kilichojengwa na masetla miaka ya 1930. Kimekausha pareto, kimekausha mahindi. Wenyeji hukinga hata maji ya kunywa kwa kupoza mvuke huo huo. Menengai, kreta nyingine ya mvuke karibu na Nakuru, wamepasha maziwa, wamefuga samaki, wamefua nguo. Majaribio! Miaka nenda miaka rudi, majaribio ya kuonyesha wageni. Maua ya Naivasha yalishapashwa joto na mvuke kwenye vivungulio yasishikwe na ukungu, ilhali mahindi ya Bonde la Ufa yanaingia sumukuvu kwa kukosa pa kukaushiwa mvua ikipitiliza. Waridi lina bahati kuliko ugali wetu.

Kikaushio kimoja kwa kila kijiji kilichokalia mvuke, chini ya chama cha ushirika cha wakulima wenyewe. Ni hilo tu ninaloomba. Pikipiki za stima nazipenda, tutazizungumza siku nyingine.

Chakula cha mchana kilichelewa. Jiko, tukaambiwa, haliko kwenye laini ya jenereta. Tulikula mkate mkavu, na slaidi zikaendelea.