PCM au diploma: mtoto wa Mwanza anayetaka kusoma kompyuta

Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na dirisha la kubadilisha machaguo ya Selform, ile fomu ya kuchagua shule na vyuo, liko wazi. Jirani yangu wa Igoma, mama anayeuza dagaa Kirumba mwaloni, akaja na mwanawe. Kijana ana Divisheni Wani na anataka shahada ya sayansi ya kompyuta, Mlimani au Dodoma. "Mwalimu, mjomba wake anasema aende PCM. Kaka yake anasema diploma. Mimi nishike lipi?" PCM ni fizikia, kemia na hisabati za advansi, yaani kidato cha tano na sita.

Kwa hesabu ya miaka, mjomba yuko mbele. Advansi ni miaka miwili na shahada mitatu, jumla mitano. Diploma kwa aliyetoka kidato cha nne ni mitatu, ukiongeza shahada ni sita. Tena tangu mwaka wa fedha 2022/23 shule za serikali hazitozi ada kidato cha tano na sita. Nauli na godoro ni juu yako, na TAMISEMI inaweza kumpangia mtoto wa Igoma shule ya Mtwara, lakini ada hakuna.

Kaka naye si wa kupuuzwa. Anauliza mtu anayetaka kuandika programu atafanya nini na miaka miwili ya kemia. Kwenye diploma mwanafunzi anakaa na kompyuta tangu mwaka wa kwanza, na hata akikosa chuo kikuu ana cheti cha kuombea kazi. Wa PCM akianguka mtihani wa kidato cha sita wa Mei, anarudi nyumbani na cheti cha kidato cha nne na fomula kichwani.

Wazazi wengi hupotelea kwenye sifa za kujiunga. Kwa wa kidato cha sita, TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka alama 4 kutoka masomo mawili ya tahasusi, yaani mchepuo kama huo wa PCM. Hapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, kwa hiyo D mbili zinatosha. (NECTA, baraza la mitihani, kwenye divisheni wanahesabu kinyume, A ni 1. Nimeshawaona baba na mwana wakigombana stesheneri, wanakojaziwa watu maombi ya chuo, kila mmoja akiwa na pointi zake na wote wako sahihi.) Ila D mbili zinakuruhusu tu kuomba. Kwenye kozi inayokimbiliwa, chuo kinapanga waombaji kuanzia aliye juu na kushuka hadi nafasi ziishe. Aliyefika na 4 anaweza kubaki nje, na hakuna aliyemwonea.

Kwa wa diploma ni yale yale. Kiwango cha chini ni GPA, yaani wastani wa alama za diploma, ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, lakini mwenye 3.0 anasimama foleni moja na mwenye 4.5. Halafu kuna namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, ile AVN. Bila hiyo maombi yako ya chuo kikuu hayaendi. Chuo chako kikichelewa kupeleka matokeo, unaweza kulikosa dirisha ukiwa na GPA nzuri mfukoni. Kabla ya kulipa hata shilingi, waulize waliomaliza hapo mwaka jana walipata AVN lini.

Mimi naegemea kwa mjomba, ila kwa sharti moja, nalo ni hisabati. Kozi nyingi za kompyuta zenye ushindani zinaangalia Hisabati ya Juu kwanza, na hata ukiingia, mwaka wa kwanza umejaa hisabati. Wa diploma wengi hukwama hapo hapo, kuandika programu wanajua lakini kalkulasi inawatoa jasho. Kwa hiyo anayeikimbia hisabati hata diploma haimfichi, inamcheleweshea tu. Na anayekwenda PCM kwa sababu ukoo unataka kusema "wetu yuko PCM" akatoka na S ya hisabati, huyo amepoteza zaidi ya wote, maana S si ufaulu kamili na haimsaidii kwenye zile alama 4.

Neno dogo kuhusu stesheneri. Muda ukifika, omba kwa namba ya simu yako mwenyewe. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe, na nimeona namba hiyo ikiingia kwenye simu ya kijana wa stesheneri aliyekwishahama mji.

Kijana nilimuuliza hisabati alipata nini. C, akasema, na fizikia B. Nikampa maswali matatu ya aljebra, akafanya mawili, la tatu akaomba kwenda nalo nyumbani. Tukaweka PCM juu, diploma chini yake.

Mama alikuwa bado kwenye diploma. Tangu 2023 Bodi ya Mikopo inakopesha wa diploma pia, lakini kwa fani zilizotajwa tu, kwa hiyo asije akaitegemea kabla ya kusoma orodha. Akauliza kama vyuo vinapokea ada kwa awamu. Nikamwambia vingi vinapokea. "Na tarehe wanapanga wao?" Wao. Akatikisa kichwa. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, akasema, sasa awamu ikiangukia mwezi mpevu atalipa na nini.